Wenye tezi ya shingo iliyovurugika, mlijuaje? Tupeane uzoefu

Sweta Mbili: Wakuu, leo nimekutana na picha yangu ya zamani. Watu wote fulana, mimi sweta mbili. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Miaka miwili naitwa mvivu, kumbe tezi imegoma. Nyie je?

Kimya Kingi: Sauti kukwaruza na choo kigumu. Naunga mkono sweta.

Mama Pacha: Yangu ilikuwa kinyume, tezi ilizalisha kupita kiasi. Nakula kwa wawili na bado nakonda, mikono inatetemeka, nimelala tu mapigo 130. Nikaandikiwa kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi. Wiki ya tano koo likaanza kuuma, homa juu. Nikasema mafua haya, nikameza vya maumivu, nikalala. Siku ya tatu hata mate hayapiti. Kupimwa damu, seli nyeupe karibu zote zimeisha! Daktari akaniuliza, "Karatasi ya dawa ulisoma?" Niliitupa pamoja na boksi. Nililazwa chumba cha peke yangu, watoto nawaona kupitia kioo.

Kimya Kingi: Mungu wangu. Pole sana dada.

Fundi Redio: Pole mama. Ila hilo ni nadra, msije mkaacha dawa kwa woga. Koo na homa ukiwa kwenye dawa hiyo, siku hiyohiyo kapime damu.

Bwana Haraka: Tusihame mada. Mimi ya tezi mvivu, nikichoka nameza vidonge viwili badala ya kimoja, kesho yake niko fiti.

Fundi Redio: Fiti ya mawazo hiyo, mkuu. Kidonge ni T4, homoni ya tezi iliyo kama akiba. Ini, figo na misuli huing'oa chembe moja ya madini joto, inakuwa T3, ndiyo inayofanya kazi. T4 hupungua mwilini hadi nusu kwa kama siku 7. Kwa tezi mvivu hufika siku 9 au 10, kwa tezi kali, inayozalisha kupita kiasi, hushuka hadi 3 au 4. Ndiyo maana kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi, hurudiwa baada ya wiki 6, si kesho yake.

Bwana Haraka: Daktari wa mtandaoni huyo. Mwili wangu naujua mimi.

Mama Pacha: Na mimi wangu niliujua, kaka.

Sweta Mbili: 😂 Mnameza saa ngapi?

Kimya Kingi: Alfajiri, tumbo tupu, nusu saa kabla ya kahawa.

Bibi Saa Nne: Usiku, masaa matatu baada ya kula. Vya kuongeza damu viweke mbali, masaa manne.

Kimya Kingi: Usiku utasahau, bibi.

Bibi Saa Nne: Nina miaka kumi sijasahau. Wewe je?

Kimya Kingi: ...jana.

Nywele Zangu: Mnaokunywa bayotini, vitamini ya nywele, semeni kabla ya kupimwa. Yangu ilipotosha majibu, nikaambiwa tezi imekuwa kali wakati nasinzia kazini.

Mama Pacha: Sweta Mbili umepotelea wapi?

Sweta Mbili: Nipo. Natafuta boksi la dawa kwenye taka.