Jiwe au metali? Naomba maelezo kuhusu njia ya mchongaji Eduardo Chillida

Mwana-Katuba, Lubumbashi

Ndugu wasanii, salamu kwenu nyote. Mimi ni mchongaji wa malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, hapa Lubumbashi, hasa visanduku na sanamu ndogo za kuuzia wageni, na siku hizi nimeanza kujifunza kufua bati za shaba. Mwalimu wangu ananihimiza nichague upande mmoja, kwani kwa maoni yake anayeshika jiwe na metali kwa pamoja hakomai katika lolote. Lakini nimesoma kidogo kuhusu Eduardo Chillida, Mbasque wa Hispania, ambaye kazi zake za chuma na za mawe zote zinaheshimiwa. Naomba anayeyafahamu maisha yake anieleze ni nini kilichomtoa kwenye jiwe, na ni nini kilichomrudisha.

Yaya wa Kamalondo

Mdogo wangu, Chillida alizaliwa San Sebastián mwaka 1924, na kabla ya sanaa alikuwa mlinda mlango wa Real Sociedad hadi goti lilipomharibikia. (Sisi wa mji wa timu ya Mazembe, tuliomshangilia mlinda mlango wake Kidiaba, tungempenda hata kwa hilo peke yake.) Alisoma usanifu wa majengo Madrid, akauacha njiani, na mwaka 1948 akahamia Paris, ambako alitengeneza miili ya watu kwa jasi na jiwe, akifuata sanamu za kale za Wagiriki alizoziona katika jumba la Louvre. Kazi hizo zilipokelewa vizuri, lakini yeye hakuridhika, kwa sababu aliona kwamba weupe ule na mwanga ule ni wa Mediterania, nao si wa kwao, ambako pwani ya Atlantiki ina mawingu mengi na wahunzi wamefua chuma tangu zamani.

Mwaka 1951 alirudi nyumbani na mke wake, wakakaa Hernani, na mhunzi wa hapo, Manuel Illarramendi, akamfungulia karakana yake. Mwaka huohuo ilitoka Ilarik, sanamu yake ya kwanza ya chuma, iliyosimama wima mfano wa mawe ya makaburi ya Wabasque. Na mwaka 1958 alipata tuzo kuu ya uchongaji katika maonyesho ya Venezia. Jiwe alilirudia baadaye akiwa na swali jingine: mwaka 1963 alisafiri Ugiriki, na kuanzia 1965 akaanza kuchonga alabasta, jiwe linalopitisha mwanga, akitoboa ndani yake kana kwamba anajenga vyumba.

Binafsi ninaona ufunguo wa yote uko katika jambo moja dogo. Alipokuwa akijifunza kuchora, alitambua kwamba mkono wake wa kulia unakimbia mbele ya fikira na kutoa picha nzuri zisizo na kitu ndani, kwa hiyo akahamishia kalamu mkono wa kushoto. Nadhani kuiacha jasi na kuishika nyundo ya mhunzi kulitokana na tabia hiyohiyo.

Fundi wa Ruashi

Maisha yameelezwa vema, lakini neno la mwalimu lisitupwe upesi, kwa maana mikono ya kazi hizi mbili hujifunza mambo yanayopingana. Katika jiwe, ulichokiondoa hakirudi. Shaba, kinyume chake, inavumilia kubadili mawazo, ila kila unavyoigonga inazidi kuwa ngumu, na usipoirudisha motoni hadi iwe nyekundu hafifu itapasuka; ukiizamisha majini baada ya hapo itabaki laini, wakati chuma cha pua chenye kaboni ya kutosha, ukikifanyia hivyo, kitakuwa kigumu zaidi. Aliyezoea kimoja atakiharibu kingine mwanzoni.

Tena Chillida hakuwa peke yake. Vipande vitatu vya chuma vya kazi yake Peine del Viento (Kitana cha Upepo), vilivyofungwa kwenye miamba ya bahari San Sebastián mwaka 1977, kila kimoja kina uzito wa tani 10 hivi, na kazi ya namna hiyo ni ya kiwanda na ya mafundi wengi.

Hata hivyo, kwetu mpaka huo si mkali sana. Malakiti unayoichonga ni mbale ya shaba, yenye shaba kiasi cha asilimia 57, na ndiyo mababu wa Katanga waliyoiyeyusha kwa makaa ili kupata ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Kwa sababu hiyohiyo vumbi lake ni sumu: likate na kulisugua likiwa na maji, na ufunike pua.

Mwana-Katuba, Lubumbashi

Asanteni sana, wakubwa wangu. Je, nami nijaribu mkono wa kushoto?

Yaya wa Kamalondo

Kwa kalamu, ndiyo. Kwa mashine ya kukatia, hapana, vidole vyako bado tunavihitaji. Chukua umbo moja ambalo mkono wako umelikariri, lile la kisanduku kwa mfano, ulifue kwa bati la shaba bila kuiga uso wa jiwe, kisha umwonyeshe mwalimu vyote viwili kabla ya kumjibu.