Kushusha upepo wa tairi la nyuma wakati wa mvua: linashika kweli?

Swali:
Wakuu, huku Kigoma mvua zikianza bodaboda wengi wanashusha upepo wa tairi la nyuma hadi psi 18 (kipimo cha upepo), eti linashika. Pikipiki ni ya cc 125, tairi 3.00-17 yenye tyubu, abiria mmoja na dumu la mawese la lita 20. Njia ni udongo mwekundu, kisha lami. Inafaa kote kuwili?

Jibu 1:
Kwenye tope inasaidia kidogo, kwenye lami hapana. Upepo ukipungua tairi linalala, linagusa eneo kubwa na halizami. Lami iliyolowa inataka kitu kingine: mifereji ya kashata (meno ya tairi) ikamue maji yatoke, na tairi lililolegea hujibonyeza mifereji ikafumba.

Hesabu yenyewe: msuguano wa lami kavu ni kama 0.7, iliyolowa 0.4 hadi 0.5, na wa udongo wa mfinyanzi unaoteleza unaweza kushuka hadi 0.2. Kwa spidi 50, kwenye 0.7 utasimama ndani ya mita 14 tangu breki zishike, kwenye 0.2 ni mita 49. Shusha spidi iwe 30, hizo 49 zinakuwa 18. Spidi ndiyo dawa, si upepo.

Jibu 2:
Na mzigo huo kwa psi 18? Tairi linatambaa juu ya rimu na kuivuta tyubu, valvu inakatika shingoni. Ukiona valvu imelala upande badala ya kusimama wima, kazi imeshaanza. Fuata kipimo cha kiwandani cha kubeba abiria.

Muuliza swali:
Basi nikitoka kwenye tope kuingia lami nifanye nini?

Jibu 3:
Simama, chokoa udongo kwa kijiti. Kashata zilizojaa mfinyanzi hazina tofauti na kipara. Mita mia mbili za mwanzo usilaze pikipiki kwenye kona.

Halafu hilo dumu. Mawese huganda kukiwa na ubaridi, kwa hiyo asubuhi yakivuja yanabaki utando mzito juu ya mpira, na maji matupu hayautoi. Osha kwa sabuni ya unga na brashi. Petroli usiguse, inaharibu mpira. Kagua na breki ya nyuma; mafuta yakiingia kwenye viatu vya breki, badilisha viatu.

Jibu 1:
Nyongeza: kwenye tope breki ya mbele iache, tairi la mbele likijifunga tu umelala chini. Shusha gia, kanyaga ya nyuma taratibu. Kwenye lami iliyolowa tumia zote mbili, bila kushtukiza.