Kuendesha vali za kunyunyizia maji kwa taima na kwa swichi

MkaziWaNjoro: Hamjambo mafundi. Bustani yangu hapa Njoro ina vali nne za umeme wa volti 24 zinazoendeshwa na taima. Je, naweza kuunganisha swichi ya ukutani moja kwa moja kwenye waya wa vali, ili nifungulie maji bila kuigusa taima?

FundiWaKisumu: Usifanye hivyo, ndugu yangu, kwa sababu umeme wa swichi utarudi kinyumenyume hadi kwenye taima na huenda ukaiunguza. Kwa kila vali tumia swichi ya njia mbili: waya wa vali uingie mguu wa katikati, mguu mmoja uende kwenye taima, na wa tatu kwenye ule waya wa transfoma (inayoipa taima umeme wa volti 24) usio wa pamoja, yaani si ule unaofika kwenye vali zote. Soma kwanza ampea za transfoma, yaani kiasi cha umeme inachoweza kutoa, kabla ya kufungulia vali zote kwa wakati mmoja.

MkulimaKakamega: Viungo vya waya nilivizungushia utepe tu, na masika yalipoisha nikakuta shaba imekuwa kijani, sasa natumia vifuniko vyenye grisi. Tena vali nyingi zina skrubu ndogo ambayo ukiilegeza, maji hufunguka hata stima ikipotea.

MkaziWaNjoro: Asanteni. Hiyo skrubu nimeijaribu, nayo imenilowesha suruali.