Naomba ushauri: kumfundisha kijana kubadilisha tairi bila kejeli

Wakuu, naombeni ushauri. Kauli ya "vijana wa siku hizi hata tairi hawawezi kubadilisha" imezoeleka, lakini magari mengi mapya huuzwa bila tairi la akiba. Wangejifunzia wapi? (Na wanaowacheka ndio hao hao wanaowapa vijana simu zao wawarekebishie.)

Hatua zinajulikana: gari liwe sehemu tambarare na ngumu, handibreki juu, kigingi cha kuzuia gari lisisogee kwenye tairi lililo mkabala na linalobadilishwa. Nati zilegezwe nusu mzunguko tairi likiwa bado chini, ndipo jeki iwekwe kwenye sehemu yake maalumu, si popote pale. Wanafunzi wengi huharibu hapo: wanainua kwanza, wakivuta spana tairi linazunguka, au gari linateleza kwenye jeki. Kukaza ni kwa kupishanisha, nati hii kisha ya ng'ambo, vinginevyo tairi halikai sawasawa. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikaguliwe tena.

Swali langu: ni bora kumwonyesha kwanza, au ajaribu mwenyewe huku unasimamia? Na mzee anayekejeli pembeni, mnamtulizaje bila kumvunjia heshima?