Pedali saba, boda moja: ubao niugawe vipi?

Gita_la_Rubaga:
Wakubwa, salamu kutoka Kampala. Jumamosi napiga gita kwenye harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho wa wachumba), Jumapili kanisani. Pedali zangu saba za gita, vile visanduku vya kubadilisha sauti vinavyobonyezwa kwa mguu, zimekaa kwenye ubao mmoja niliochongewa na seremala, na sasa umenishinda. Kwenye boda naukumbatia kifuani mpaka dereva ananung'unika. Juzi jua lilichoma, gundi ya velkro (utepe wa kunatishia pedali ubaoni) ikalainika. Kufungua mfuko, dilei, pedali ya mwangwi, inaning'inia kwa waya wake kama mbuzi buchani.

Kanisani natumia tyuna (ya kurekebisha nyuzi), ovadraivu (ya kukwaruza sauti) na dilei tu. Distoshoni, feiza, korasi na tremolo ni za harusi. Nimeona mbao za dukani: XPND ya D'Addario inayovutwa ikarefuka, na Temple Audio ya Kanada, ambayo unabandika kibati chini ya pedali kisha unakikaza ubaoni kwa skrubu. Niagize?

NyuziSita:
Usiagize kwanza, kaka. XPND inarefuka, haigawanyiki, na wewe unataka kugawanya. Nenda Katwe kwa mafundi wa vyuma, fundi akuundie fremu mbili za alumini, sawasawa. Pedali ya Boss ina upana wa milimita 73. Ukipanga nne na kuacha sentimita 2 kila katikati kwa ajili ya jeki (za kuchomeka waya za sauti), sentimita 40 zinatosha. Fremu uziunganishe kwa boliti mbili na nati za masikio, zile za kufungua kwa vidole. Na kabla ya kubandika velkro, pangusa chini ya pedali kwa spiriti. Wengi hawafanyi hivyo, halafu wanalaumu jua.

MzeeWaSebene:
Pedali saba! Sisi tulichezesha watu mpaka alfajiri kwa gita na ampu tu.

Mama_Besi:
Mzee, shikamoo, lakini kijana hakuuliza hilo 😄

Mdogo wangu, angalia umeme. Ukitumia adapta moja yenye waya wa matawi, dilei ya kidijitali itamwaga mvumo kwenye ovadraivu. Tafuta kisanduku cha umeme ambacho kila tundu linajitegemea, na ujumlishe miliampea za pedali zote kabla ya kulipa. Pedali nyingi ni volti 9, hasi katikati ya plagi. Mimi nilichomeka adapta ya kinanda, chanya katikati. Pedali ilitoa harufu, basi, ikawa ya kuzuilia mlango.

Fundi_Ampu:
Kuna jambo mmeliruka. Dilei inakaa mwisho wa mnyororo wa pedali, na anaitaka kwenye fremu ya kanisani. Pedali nne za harusi lazima ziingie KATI ya ovadraivu na dilei. Kwa hiyo nafasi ya nne ya fremu ya kanisani weka kisanduku chenye jeki mbili, ya kupeleka sauti kwenye fremu ya harusi na ya kuirudisha. Chagua jeki zenye swichi ndani: usipochomeka kitu, sauti inapita yenyewe hadi kwenye dilei. Kisanduku cha umeme kikae chini ya fremu hiyohiyo, kutoka hapo uvute waya za kulisha fremu ya pili.

Gita_la_Rubaga:
Hilo la jeki ndilo lililokuwa linanipiga chenga. Nimetoka Katwe sasa hivi. Fundi kaitazama michoro yangu, kaigeuza, kaniuliza kama ni ya kuanikia vyombo. Nimemwambia ndiyo, asije akapandisha bei. Ijumaa nazichukua.