Tupeane uzoefu: waliorudi kwenye modeli za majahazi, rangi na kuchakaza (kukipa chombo sura ya kuchakaa)

Foromali (mwanzisha mada)
Asalaam aleikum wandugu. Uzi huu ni wa walioweka brashi kando miaka mingi na sasa wamerudi mezani, hasa kwa majahazi na mitepe (vyombo vya kale vya kushonwa kwa kamba) ya kipimo cha 1:48 au 1:35, yaani ndogo mara 48 au 35 kuliko chombo halisi. Tuseme yanayofaa joto na unyevu wa Lamu.

Nianze na makopo ya zamani. Enameli iliyofanya utando bado yafaa: utoe utando mzima kwa kijiti, kisha koroga mpaka chini kabisa. Vipande vikizama, chuja kwa soksi ya nailoni. Ikibaki punje punje hata baada ya kukorogwa, tupa. Stika za maji (za kuloweka kabla ya kubandika) zilizogeuka manjano, zitundike na karatasi yake kwenye kioo cha dirisha zipigwe jua siku chache. Kabla ya kuziloweka, zipake vanishi ya kung'aa, maana za zamani hukatika zikiingia majini.

Kalafati
Waaleikum salaam. Nyongeza: plastiki ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kwani hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu na rangi haishiki juu yake. Mbao piga msasa wa 240, halafu 400, kisha vanishi nyembamba kabla ya rangi. Bila hiyo, rangi ya maji husimamisha nyuzi za mbao, na kwa kipimo cha 1:48 kila unyuzi huonekana mnene mno.

Akriliki izimuliwe iwe nyepesi kama maziwa, tabaka mbili au tatu. Tabia ya zamani ya kupaka moja kwa moja kutoka koponi ndiyo inayofukia mishono ya mbao.

Kwa kivuli kati ya mbao: vanishi ya akriliki ya kung'aa kwanza, isubiri saa 24. Rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyokoza, ikae kwenye kipande cha boksi nusu saa ili karatasi inyonye mafuta yake. Chukua kiasi cha punje ya choroko, changanya na kizibo kimoja cha soda cha tapentaini. Paka kwenye mishono, ngoja dakika 20 hadi 30, futa kwa brashi yenye unyevu kidogo ukielekea chini. Tapentaini tu! Thina ya fundi magari huyeyusha plastiki. Na kama rangi ya chini ni enameli, hata tapentaini itaing'oa.

BintiOmo
Kaka Kalafati, umesahau swali la kwanza: chombo kimeshikwa na nini? Jahazi lina misumari ya chuma, kwa hiyo michirizi ya kutu hutoka kwenye kichwa cha msumari na kushuka wima, myembamba, ikififia. Mtepe umeshonwa kwa kamba za usumba. Ukiona mtepe una michirizi ya kutu ubavuni, jua aliyeupaka hakutazama. Nendeni Makumbusho ya Lamu mkauangalie mfano wake.

La pili ni deheni. Sehemu ya chini hupakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu, na nyeupe yake imeelekea maziwa ya mgando, si nyeupe ya karatasi. Changanya sehemu tatu za rangi na moja ya poda ya mtoto, paka kwa brashi ngumu, mpaka wa juu uende upogo. Kazi hiyo hufanywa maji yakitoka, kwa haraka. Juu yake mbao zilizopakwa sifa (mafuta ya papa) huwa nyeusi nyeusi na za mafuta, basi hapo vanishi ya nusu mng'ao, chini vanishi isiyong'aa. Kijani cha mwani kiwe utepe mwembamba kwenye mstari wa maji. Watu hukipenda mno, wakakipaka mpaka darini, juu ya sitaha!

Foromali
Ahsante dada. Je, kwa nini vanishi isiyong'aa hugeuka ukungu mweupe?

Kalafati
Ni unyevu. Kiyeyushi kikipaa haraka hupoza uso, mvuke wa hewani ukanaswa ndani. Usipulize masika wala alfajiri. Ngoja mpaka saa nne asubuhi, siku ya upepo mkavu. Ukungu ukishatokea, tabaka jepesi la vanishi ya kung'aa mara nyingi huurudisha. Kwa brashi ya hewa tumia shinikizo la psi 15 hadi 20 na chujio la maji kwenye mpira. Akriliki ikikauka kwenye ncha, ongeza matone mawili ya dawa ya kuchelewesha kukauka.

BintiOmo
Tanga: maradufu halisi (kitambaa kizito cha tanga) ina nyuzi nene mno. Tumia leso nyembamba ya pamba, itie rangi kwa chai ya rangi, ikikauka ichovye kwenye gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa nne za maji, uikaushe imefungwa kwenye foromali (mti unaobeba tanga) huku feni ikiivumia kutoka tezi, nyuma ya chombo. Mtepe unataka tanga la mkeka. Macho yanayochorwa kwenye omo, mbele ya chombo, pakeni kabla ya kuchakaza, nayo yapate kivuli na chumvi kama mbao zilizoyazunguka.