Napitia desa kila usiku, kwenye testi kichwa kitupu

Malimbe_Mwaka1: Habari wakuu. Nina kozi 5, geto liko Malimbe, Mwanza. Kila usiku napitia desa (notsi za kozi) mara 3 au 4, naona kabisa limeingia. Nikishika karatasi ya testi, hakuna kitu. UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ni wiki 6 zijazo. Nigaweje muda?

Sato: Pole sana. Shida haijaanzia kwenye muda. Ukurasa ukishauzoea unauona rahisi, kumbe unautambua tu, hujaukumbuka. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walilipima hili mwaka 2006: baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi, lakini baada ya wiki 1 waliokuwa wamejikumbusha bila kutazama maandishi waliwaacha mbali.

Soma kurasa 4 au 5, funga desa, andika unachokumbuka kwa dakika 10 kwenye karatasi tupu. Fungua, jazia yaliyokosekana kwa kalamu nyekundu. Kesho yake anza na yale mekundu, uyarudie tena siku ya 3 na ya 7. Mara ya kwanza karatasi itajaa nyekundu. Usikate tamaa ukarudi kusoma tu, maana kule kuhangaika kukumbuka ndiko kunakoshikiza.

Mama Furu: Kuhusu saa, angalia krediti za kila kozi. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) krediti 1 ni saa 10 za kazi, vipindi na kujisomea pamoja. Kozi ya krediti 10 ni saa 100, kwa muhula wa wiki 15 ni karibu saa 7 kwa wiki. Vipindi vikichukua 4, zako ni 3. Usizirundike Jumapili, saa 1 iwe siku ileile ya kipindi. Na lala, mwanangu. Anayekesha hadi saa 9 usiku anasinzia kwenye kipindi cha saa 2 asubuhi, halafu kipindi hicho nacho kinakuwa deni.

Nyegezi_Kona: Kwenye daladala ya kwenda mjini usifungue karatasi. Jitajie vichwa vya mada ya jana kwa mpangilio. Ulipokwama ndipo pa kuanzia jioni. Diskasheni iwe ya watu 4, zaidi ya hapo wawili wanafundisha na wengine wanasikiliza.

Malimbe_Mwaka1: Asanteni sana. Na kozi za hesabu?

Sato: Funika jibu, fanya swali mwenyewe. Ukikwama dakika 15, tazama hatua moja tu, funika tena uendelee. Kesho lirudie lilelile kuanzia mwanzo.